Kabla ya Zege Kumwagwa: Banda la Gari na Mabomba Yaliyolala Chini Yake

Gari na maji huingia uani kwa njia moja. Lango huwekwa upande wa barabara kwa sababu gari linatoka barabarani, na mita ya maji hukaa karibu na lango kwa sababu bomba kubwa limelazwa kando ya barabara hiyo hiyo. Kutoka kwenye mita, bomba dogo hukata njia ya mkato hadi jikoni. Maji taka nayo husafiri kinyume, kutoka chooni na bafuni hadi kwenye menholi, na mara nyingi menholi hiyo iko mbele ya nyumba. Kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia, ambayo ndiyo ploti ya wengi hapa Eldoret, nafasi inayobaki kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani ni futi chache. Ni hapo hapo mwenye nyumba anapotaka kujenga banda la gari. Fundi akifika, mazungumzo yanaanza na bei ya mabati na ukubwa wa nguzo. Habari ya kilicho chini ya miguu yao hungoja hadi mtaimbo utoboe kitu na maji yaruke.

Haja ya banda naielewa vizuri. Eldoret iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake huanza kati ya Machi na Aprili na kuendelea hadi Septemba, na mvua ya mawe si mgeni hapa. Mtu aliyeweka akiba miaka kadhaa akanunua gari lililotumika Japani hawezi kukaa sebuleni kwa utulivu akisikia mawe ya barafu yakidunda juu ya boneti. Ndiyo maana katika mitaa ya Kapsoya, Annex, Kimumu, Pioneer na Elgon View, ukichungulia ndani ya malango, unaona mabanda ya kila namna: ya mabati, ya wavu uliotandazwa juu ya vyuma vilivyopindwa, na gereji kamili zenye kuta na mlango wa chuma. Tangu mji upewe hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, hamu ya kujenga imezidi. Ninachoomba ni kwamba kabla ya zege kumwagwa, mwenye nyumba ajue bomba limepita wapi. Gharama ya kulijua ni ndogo sana ukilinganisha na ya kuvunja sakafu baadaye.

Chini ya jiji hili mambo hayakupangwa siku moja. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba lililojulikana kwa namba 64, mji ukapewa jina la Eldoret mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Tangu wakati huo kila kizazi kimezika mabomba yake. Ya zamani ni ya chuma na ya saruji iliyochanganywa na asbesto; ya baadaye ni ya plastiki ngumu ya kijivu; ya siku hizi ni yale meusi yenye mstari wa buluu yanayokuja yamezungushwa kama kamba. Maji yenyewe hutoka mbali, mengine kwenye bwawa la Chebara katika kaunti jirani ya Elgeyo-Marakwet, na kampuni ya ELDOWAS ndiyo inayoyasambaza na kuyachukua tena yakiwa machafu. Mitaa iliyojengwa na manispaa ilichorewa ramani kwanza. Mtaa wa Langas haukuanza hivyo. Lilikuwa shamba lililonunuliwa na kugawanywa vipande vipande, watu wakajenga, na mabomba yakaja baadaye yakijipenyeza palipobaki nafasi. Kwa hiyo ushauri unaofaa nyumba ya Kapsoya unaweza kukupoteza kabisa ukiwa Langas.

Hatimiliki nayo haikuonyeshi bomba. Hili wanunuzi wengi hawalijui. Mtu anafanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, anaambiwa ploti haina deni wala pingamizi, anarudi nyumbani akiamini kila inchi iko mikononi mwake. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 28, inataja haki zinazoifunga ardhi hata kama hazikuandikwa popote kwenye rejista. Miongoni mwazo ni nyaya za stima na mabomba yaliyowekwa kwa mamlaka ya sheria yoyote. Maana yake ni kwamba bomba kuu la maji taka likiwa limepita uani mwako tangu zama za manispaa, kuwa na hatimiliki safi hakuliondoi, na wenye bomba bado wana haki ya kulifikia. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 nayo inataka ujenzi uwe na kibali cha kaunti, na asiyekuwa nacho anaweza kutozwa faini ya hadi Sh500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Wengi hudhani banda la gari ni kitu kidogo kisichohitaji karatasi. Kabla ya kuamini hivyo, nenda kwenye ofisi ya mipango ya kaunti ukaulize, na ukiwa mjini pitia ELDOWAS uombe wakuonyeshe mchoro wa mabomba ya mtaa wako.

Kenya imeshaona ujenzi juu ya ardhi ya maji taka ukifika mwisho wake mbaya kabisa. Mei 2020, katikati ya janga la korona, matingatinga yaliingia Kariobangi North jijini Nairobi na kubomoa makazi ya maelfu ya watu kwa madai kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya kampuni ya maji na maji taka ya jiji. Familia zililala nje mvua ikinyesha. Ule ulikuwa ukatili, na kosa la kuruhusu watu wajenge kwa miaka mingi halikuwa la wale waliolala nje. Lakini palibaki wazi kwamba ardhi ya maji taka ina mwenyewe hata pale inapoonekana kuwa uwanja mtupu. Kwa nyumba moja ya Eldoret hatari si kubwa kiasi hicho. Ni ya siku moja tu: bomba limeziba, wafanyakazi wa kampuni wamefika na sururu, na menholi wanayoitafuta iko chini ya sakafu yako mpya.

Anayeteseka siku hiyo huenda hata asiwe wewe. Maji taka hushuka kwa mteremko, hayasukumwi na kitu. Yakikwama chini ya banda lako, yanajaa kurudi nyuma na kutokea kwa jirani wa juu, kwenye choo chake na sakafu ya bafu lake. Jirani huyo hajui lolote kuhusu zege yako. Anachokijua ni kwamba watoto wake hawawezi kuoga. Hii ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaosema uani mwangu ni shauri langu.

Sasa tuje kwenye kutafuta. Kazi hii haihitaji mtambo, inahitaji asubuhi moja na fundi mwenye subira. Anza na menholi zote unazoweza kuziona, zako na za majirani, baada ya kuwaomba ruhusa. Bomba kuu la maji taka huenda moja kwa moja kutoka menholi hadi menholi, halipindi katikati. Ukipata mbili, vuta uzi wa mwashi kutoka moja hadi nyingine, na bomba liko chini ya uzi huo. Ukiinua kifuniko utaona chini kabisa mfereji mdogo uliochongwa kwenye saruji kama nusu ya bomba, ukikuonyesha maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Mara nyingine utaona pia tundu la pembeni linaloingia kutoka upande usioutarajia, na hapo ndipo utajua choo cha nyuma kilipitishwa wapi. Pima kwa ufito kutoka mdomo wa shimo hadi kwenye maji, uandike. Usiingie ndani hata mara moja, hata ukiona ni futi nne tu. Hewa ya maji taka huua, na imeshaua wengi walioshuka kumwokoa mwenzao. Ukitaka kujua choo kipi kinaingia wapi, mimina rangi ya keki kwenye choo, vuta maji, kisha tazama itokee menholi ipi.

Bomba la maji safi linahitaji ujanja mwingine kwa sababu hupinda linavyotaka. Anzia kwenye mita. Tazama linaelekea upande gani, kisha tafuta mahali linapoingia ukutani. Katikati chimba mashimo madogo ya majaribio, kwa jembe na mikono, mtaimbo ukiwekwa kando. Msimu wa kiangazi nao husaidia: Januari na Februari nyasi za Eldoret hukauka na kuwa rangi ya majani makavu ya mahindi, na ukiona mstari wa nyasi mbichi unaokatiza uani, chini yake kuna maji yanayovuja. Nepia ikinawiri sehemu moja tu ya ua, usishangilie mbolea.

Mazungumzo ya shimo la majaribio huwa hivi.

"Mama, nimegonga kitu."

"Ni jiwe, fundi?"

"Jiwe halitoi sauti ya namna hii. Niletee maji kidogo niloweshe udongo, nitafute kwa vidole."

Fundi wa namna hii mlipe siku yake bila kunung'unika, hata kama hadi jioni hajaweka tofali moja. Hapa kwetu kuna sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu. Uwanda wa kaunti yetu ya Uasin Gishu umekaa juu ya miamba ya volkeno, na sehemu nyingi udongo mwekundu ni mwembamba, chini yake muramu, chini yake mwamba. Aliyelaza bomba zamani, akikuta mwamba, mara nyingi aliona afadhali kulipandisha kuliko kupasua jiwe. Kwa hiyo bomba ulilolitarajia mita moja chini unaweza kulikuta futi moja tu, na futi moja ya udongo haitoshi kulikinga na gurudumu. Gari dogo lina uzito wa kama tani moja. Lile kubwa la kupandia milima linazidi tani mbili, na mzigo huo wote unashuka ardhini kupitia sehemu nne ndogo tu. Bomba la plastiki likiwa na udongo usiofika sentimita 60 juu yake, litandikiwe ubao wa zege wenye nondo unaokaa kwenye udongo imara wa pande mbili, bila kuligusa bomba lenyewe. Kama ni bomba la maji safi, lipitishe ndani ya bomba kubwa zaidi, ili siku likipasuka livutwe na kubadilishwa bila kuchimba.

Nguzo zina hesabu yake, na fundi yeyote anaweza kuifanya chini kwa kijiti. Uzito wa nguzo husambaa ardhini kwa mshazari wa takriban nyuzi 45. Tuseme tako la bomba la maji taka, yaani sehemu yake ya chini kabisa, liko mita 1.2 chini, na msingi wa nguzo yako utakuwa sentimita 60. Tofauti ni sentimita 60. Basi msingi huo ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingo wa mtaro wa bomba, la sivyo uzito wake unaliegemea. Ukilazimika kusogea karibu zaidi, shusha msingi hadi ufikie kina cha tako la bomba. Mimi ningeongeza nafasi: nguzo zikae mita moja na nusu kila upande wa bomba, na boriti ya chuma ivuke juu. Hapo kuna urefu wa mita tatu bila nguzo, jambo ambalo welda yeyote wa mtaani hulimudu. Yale mabanda ya wavu yanayosimama kwa mguu mmoja yanapendeza, lakini uzito wote unavuta upande mmoja na upepo unayanyanyua, kwa hiyo msingi wake huwa mkubwa na wa kina. Kama upande huo ndio wenye bomba, geuza banda litazame kwingine.

Ndiyo maana katika uchaguzi kati ya gereji ya kuta na banda la nguzo, palipo na bomba mimi nasimama na nguzo. Ukuta ni mzigo mrefu usiokatika na unataka msingi unaofuata urefu wake wote. Palipo lazima uvuke bomba, acha tundu kwenye msingi lenye nafasi ya angalau sentimita tano kuzunguka bomba na uweke boriti juu yake, ili ukuta ukitulia kidogo usilikate. Kosa ninalolichukia kuliko yote ni kumwaga saruji moja kwa moja juu ya bomba ukidhani unaliimarisha. Unalishika lisicheze, na udongo ukicheza, linakatika pale pale saruji inapoishia.

Sakafu iwe ya kabro, yale matofali ya zege ya kupangwa. Zege ya inchi nne inaonekana ya heshima, lakini kuitoboa ni kazi ya siku na vumbi, na kiraka hakifanani tena na sakafu. Kabro zilizolazwa juu ya mchanga na muramu ulioshindiliwa hunyanyuliwa moja moja, bomba likatengenezwa, zikarudishwa jioni. Menholi iliyo ndani ya banda usiizike kamwe. Ipandishe iwe sawa na sakafu, na ubadilishe kifuniko. Viwango vya Ulaya ambavyo watengenezaji wengi huvifuata hugawa vifuniko kwa uzito: A15 ni cha waendao kwa miguu na hubeba tani 1.5, B125 ni cha maegesho na hubeba tani 12.5. Cha kwanza hakikukusudiwa magurudumu, na chini ya gari kinaweza kupasuka. Kwa kuwa vifuniko vya chuma vimeibwa sana kuuzwa kama vyuma chakavu, biashara ambayo serikali iliipiga marufuku kwa muda mwanzoni mwa mwaka 2022 kutokana na uharibifu wa miundombinu, kile cha plastiki ngumu chenye alama ya B125 ni chaguo la busara.

Mitaa mingi ya Eldoret haijafikiwa na bomba la maji taka na inategemea tangi la chini ya ardhi na shimo la kufyonzea. Hapa ningependa nisikike vizuri. Dari la tangi lilijengwa kubeba udongo na watoto wanaocheza, si gari. Linaweza kustahimili mwaka mzima, nondo zikiliwa taratibu na hewa inayopanda kutoka ndani, kisha likaanguka usiku mmoja gari likiwa juu yake au mtu akiwa kando. Shimo la kufyonzea nalo likikanyagwa na magurudumu kila siku, udongo wake unabanana na maji hayaendi popote. Fikiria pia gari la kunyonya maji taka: linahitaji kufika karibu na kifuniko, na dereva wake hawezi kupita chini ya boriti uliyoiweka kwa kipimo cha gari lako dogo.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kabisa. Kwa miaka mingi ripoti za mdhibiti wa huduma za maji zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotengenezwa na kampuni za Kenya hayaleti malipo, na sehemu ya hayo huvuja ardhini. Bomba linalovuja hutoa maji likiwa na msukumo. Siku ya mgao, maji yakikatwa na msukumo ukashuka, tundu lile lile huvuta ndani. Kama kando yake kuna bomba la maji taka lililopasuliwa na nguzo ya banda, kinachovutwa kinajulikana, na kinamfikia mtoto kwenye kikombe. Homa ya matumbo na kipindupindu hupita hapo. Kanuni inayofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani inataka bomba la maji safi likae futi 10 kutoka la maji taka, na yanapokutana, la maji safi lipite juu kwa inchi 18. Kwenye ploti yetu futi 10 hazipatikani kila mara, lakini la maji safi kupita juu linawezekana. Ukishachimba, tumia nafasi hiyo kulihamisha.

Usisahau paa. Banda la mita za mraba 20, mvua ya milimita 25 ikinyesha alasiri moja, linamwaga lita 500. Zikianguka kwenye mtaro wa bomba uliofukiwa juzi, udongo unakaa na bomba linaning'inia. Zikielekezwa kwenye menholi, kama wengi wanavyofanya kwa siri, unalijaza bomba ambalo halikupimwa kubeba maji ya mvua, na tumeshaona nani anayeteseka. Weka mfereji wa bati na tangi. Maji hayo yataosha gari na kumwagilia sukuma wiki.

Uingereza, mwenye nyumba anayetaka kujenga ndani ya mita tatu kutoka bomba la umma la maji taka hutafuta kwanza ridhaa ya kampuni ya maji. Marekani, tangu mwaka 2007, mtu hupiga namba 811 kabla ya kuchimba, na wenye mabomba na nyaya huja kuweka alama za rangi juu ya ardhi. Sioni kwa nini kaunti ya Uasin Gishu ishindwe. Kampuni ina mafundi wanaoijua mitaa hii kwa miguu. Wengine watastaafu na ujuzi huo vichwani. Kaunti na ELDOWAS wangetenga dirisha moja ambapo mwananchi anatoa namba ya mita yake na kupewa mchoro, au fundi aje na chokaa aweke alama, hata kwa ada. Mabomba mapya yanayolazwa sasa yapimwe na kuchorwa kabla ya kufukiwa.

Kwa sasa, mchoro chora mwenyewe. Pima kila menholi na kila kona ya bomba kutoka pembe mbili za nyumba, andika kina, piga picha mtaro ukiwa wazi na futi ya kupimia ikiwa ndani. Nakala moja iwekwe pamoja na hatimiliki, nyingine mpe jirani wa juu. Na kama unapanga banda la mwakani, mashimo ya majaribio yachimbwe Januari, msingi ukamilike mwanzoni mwa Machi kabla ya mvua, na mtaro uliofukiwa upewe msimu mmoja wa masika utulie kabla ya kulaza kabro juu yake.